Nimetakiwa Nisimuulize Binti Yangu Kama Anaumwa

Kwa Mheshimiwa Bi Odile Michaud,
Mshauri wa Wasomaji, gazeti letu la bondeni.

YAH: OMBI LA UAMUZI KUHUSU MAUMIVU YA MGUU WA BINTI YANGU CAMILLE, MWENYE UMRI WA MIAKA KUMI NA MINNE

Mheshimiwa Mshauri, kwa heshima na taadhima nawasilisha ombi hili mbele yako, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, madhumuni yake yakiwa ni kukuomba unisaidie kuamua jambo moja lililonishinda, mimi niliyezoea kuwaandikia wenzangu mambo yao yakaamuliwa. Na natanguliza kuomba radhi iwapo barua itakuwa ndefu, kwani jambo lenyewe limekataa kufupishwa.

Jina langu ni Lucien Daigle, umri wangu ni miaka hamsini na mmoja, na kazi yangu ni mtunza ghala la viazi la ushirika. Shule niliiacha darasa la nane, lakini kamusi sikuiacha, na hata leo mtu wa mji huu anayetaka barua ya kusimama mbele ya halmashauri huja jikoni kwangu, akaketi, akanieleza shida yake kwa maneno ya kawaida, nami nikaivalisha koti. Daraja la mto mdogo lilitengenezwa kwa barua yangu. Sisemi haya kwa kujisifu, bali ili ujue kwamba anayekuandikia anaujua uzito wa sahihi.

Katika mavuno ya mwaka juzi, shule ilipofungwa wiki tatu ili watoto waingie mashambani kama ilivyo desturi yetu, Camille alipangiwa juu ya mashine ya kuvunia, akitoa mawe na udongo kati ya viazi vinavyopita kwenye mkanda, na siku ya nne mguu wake wa kushoto uliteleza ukabanwa kati ya kidaraja cha kusimamia na chuma, kifundo kikapata ufa. Alifungwa plasta wiki sita. Ilipotolewa, daktari alinionyesha picha akasema, “Mzee Daigle, mfupa huu sasa ni mzima kuliko wako.” Nami niliamini kwamba mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu maumivu hayakuondoka na plasta, bali yalibaki, yakapanda, hata ilipofika Krismasi hakuweza kuvumilia soksi, wala shuka, wala upepo wa mlango ukifunguliwa, na mguu wenyewe ukawa mara mwekundu, mara wa zambarau na baridi kama kiazi cha chini kabisa ya rundo. Tulikwenda kwa madaktari watatu. Wa kwanza alisema hakuna kitu. Wa pili alisema mtoto anakua haraka. Wa tatu alituuliza kama nyumbani kuna ugomvi, na mke wangu Jocelyne akatoka kwenda kulia ndani ya gari.

Mimi nilifanya ninachokijua. Nilinunua daftari lenye jalada gumu, na kila asubuhi, adhuhuri na jioni nikamuuliza Camille maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, nikaandika, nikaweka na maelezo pembeni, hata sasa nimejaza kurasa mia mbili na kumi na sita. Tena niliandikia bodi ya shule maombi matatu: la kwanza asamehewe ngazi, la pili asamehewe michezo, la tatu asamehewe kuhudhuria darasani, akaletewa masomo nyumbani. Yote matatu yalikubaliwa bila kubadilishwa hata nukta. Tangu Oktoba Camille hajaketi darasani, anakaa sebuleni na magongo yake mawili, na rafiki zake waliokuwa wakija kila Jumamosi sasa wanatuma salamu tu.

Mwezi uliopita tulipata nafasi ya kuonana na daktari wa maumivu ya watoto, huko mji wa kusini, mwanamke mrefu aitwaye Whitcomb ambaye soksi zake hazikufanana, jambo ambalo, nakiri, halikunipa imani. Alimpima Camille saa nzima. Kisha akamwambia, “Maumivu yako ni ya kweli, Camille. Hujayabuni, wala hudeki.” Mwanangu alilia kwa sauti, kwa kuwa katika miezi kumi na sita hakuna aliyemwambia hivyo.

Halafu akanigeukia mimi. “Mzee, nimesikia unatunza ghala. Kengele ya ghalani hulia lini?”

Nikajibu kwamba hulia joto linaposhuka chini ya kiwango, viazi vikiwa hatarini kuganda.

“Na waya wake ukiwa umechubuka?”

“Italia ovyo, hata kama viazi viko salama.”

“Ukiisikia hivyo, utasema kengele inadanganya?”

“Hapana. Kelele ni kelele.”

“Basi ndivyo mguu wa binti yako ulivyo,” akasema. “Mfupa umepona, lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kulia. Ubongo wa mtoto hujifunza upesi. Ulivyojifunza kuendesha baiskeli ndivyo ulivyojifunza na maumivu, na umeyafanyia mazoezi kila siku, hadi soksi ikigusa ngozi unaisoma kama kisu cha moto. Habari njema ni kwamba ubongo uliojifunza upesi huweza kufundishwa upya upesi, kuliko huu wangu na wako.”

Tiba yake ni ya wiki tatu, kuanzia Jumatatu ya tarehe tatu Machi. Camille atatembea kila siku hata kama inauma, mguu utasuguliwa kwa taulo na brashi, utazamishwa kwenye beseni la maharage makavu, mpaka ubongo uzoee kwamba kuguswa ni kuguswa tu; baada ya hapo atarudi shuleni, kwa ngazi zilezile. Lakini kabla ya yote wazazi wote wawili watie sahihi kwenye karatasi kwamba hawatamuuliza mtoto habari za maumivu, si kwa neno, si kwa namba, “wala kwa nyusi.” Imeandikwa hivyo, Mheshimiwa, wala kwa nyusi. Daftari nilifunge. Na ombi langu la tatu kwa shule nilifute kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimuuliza, “Daktari, baba asiyemuuliza mtoto wake kama anaumwa ni baba wa namna gani?”

Akanijibu, “Ni baba aliyekwisha kuuliza mara elfu, na jibu analijua.”

Sasa nafikia sehemu ambayo nimeizungukia tangu mwanzo wa barua hii. Jumapili mbili zilizopita mpwa wangu Delphine, aliyelelewa mjini, alikuja kututembelea, naye mama mkwe wangu akawaweka wasichana wote wawili jikoni wakaange ploye, zile chapati zetu za maji zinazojaa vitundu juu. Mimi nilikuwa ukumbini nikinoa penseli, nikamsikia Camille akipiga kelele: “Mungu wangu! Ameigeuza! Bibi, Delphine ameigeuza ploye!”

“Sasa upande wa pili utaivaje?” akauliza Delphine.

“Haina upande wa pili!”

“Kila kitu kina upande wa pili, we.”

Bibi yao akasema, “Ploye ina macho, mjukuu wangu, inataka kuona inakokwenda. Wewe umeilaza kifudifudi kama mlevi. Haya, hiyo utakula mwenyewe, na usimlilie mtu.”

Wakacheka, nami nikachungulia, nikamwona Camille amesimama mbele ya jiko, miguu yote miwili chini, ule wa kushoto mtupu juu ya sakafu, magongo yameegemezwa ukutani, akichota uji wa unga na kuumimina, akachota, akamimina, kwa muda wa kukaanga ploye kumi au zaidi. Badala ya kumshukuru Mungu nikarudi kulichukua daftari, nikaingia nalo mkononi, nikasema mbele ya wote, “Kumbe kusimama unaweza. Leo nikuandikie ngapi, sifuri?”

Aliutazama mguu wake kana kwamba umeletwa sasa hivi na mtu mwingine. Rangi ilimtoka. Akaketi sakafuni palepale, unga mikononi, akasema, “Sikuwa nadanganya, Baba. Nilikuwa nimeusahau. Umeuliza, umerudi.”

Mama mkwe wangu alizima jiko bila kunitazama. Tangu siku ile Camille hasimami mbele yangu, na nikiingia sebuleni, kabla sijafungua kinywa, anasema, “Kumi.” Asubuhi kumi, adhuhuri kumi, jioni kumi. Nimeziandika zote.

Shemeji yangu Gilles, ambaye kila jambo kwake ni mzaha, ananiambia, “Lucien, ukikatazwa kuandika utakufa kabla viazi havijachipua.” Lakini huyu Gilles hana uso wa kunifundisha uangalizi, kwani Januari hii nililazimika kumnyang'anya funguo za ghala, baada ya kugundua kwamba alikuwa akifungua mlango mara nane kwa siku kuangalia kama viazi vimeganda, na kila akifungua alikuwa akiingiza ile baridi aliyokuwa akiiogopa, hata rundo la karibu na mlango likawa jeusi. Nilimwambia waziwazi: “Shemeji, viazi havitaki kutazamwa. Vinataka mlango ufungwe na kipimajoto kiaminiwe.” Kwa hiyo maneno yake siyatilii maanani.

Hofu zangu, Mheshimiwa, ni mbili. Nikitia sahihi, Camille ataona nimejiunga na wale waliosema hakuna kitu, hasa baada ya yale ya jikoni. Na iwapo siku moja kutakuwa na jambo baya kweli, nani atakuwa ameuliza? Nisipotia sahihi, nafasi yake itapewa mtoto mwingine, kwa kuwa orodha ni ndefu na mwisho ni Ijumaa, tarehe ishirini na nane. Jocelyne amekwisha kutia yake. Aliniambia, “Jina langu peke yake hawalitaki, Lucien, nami kukupigia magoti sitaki.” Camille mwenyewe hajasema lolote, ila kila asubuhi naikuta ile karatasi imewekwa juu ya kamusi yangu.

Kwa hiyo sikuombi faraja. Naomba uamuzi: nitie sahihi, au nisitie?

Wako mtiifu,
Lucien Daigle

*

Bwana Lucien,

Tia sahihi.

Umeomba uamuzi, nami nimeutanguliza ili Jocelyne akifungua gazeti Jumatano asilazimike kusoma mpaka chini. Sasa keti nikueleze, maana nilikuwa muuguzi wa shule miaka thelathini na mmoja, na wewe mwenyewe nilikung'oa jino la mbele ukipiga mayowe yaliyofika kanisani. Heshima zako nimezipokea. Zitoshe.

Kwanza pole. Kumtazama mtoto akiumwa miezi kumi na sita huku watu wenye makoti meupe wakisema hakuna kitu ni jambo la kumpindua mtu akili. Ulishika kalamu kwa sababu hukuwa na kingine cha kushika. Hilo nalielewa.

Lakini maombi yako matatu kwa shule, Lucien, laiti yangekuwa mabaya! Laiti ungekosea hata nukta moja, wakakukatalia! Umeandika vizuri mpaka mtoto hana ngazi, hana mchezo, hana darasa, hana rafiki wa Jumamosi. Amebaki na kitu kimoja tu cha kufanya mchana kutwa, nacho ni mguu. Na mtu mmoja anayekuja mara tatu kwa siku kumkumbusha asiache kuufanya.

Sasa ile Jumapili. Umeandika kana kwamba kuna Camille wawili, mmoja anayesimama na mmoja anayeumwa, na mmoja wao lazima awe mwongo. Hakuna mwongo jikoni mle. Niambie, hujawahi kujikata kidole ukirekebisha feni ya ghala, ukaja kuiona damu wakati wa chakula? Kuanzia asubuhi hadi wakati huo ulikuwa ukidanganya? Ubongo una kazi nyingi. Ukiwa na ploye ya kuokoa na binamu wa kumcheka, unausogeza mguu pembeni. Si kwamba mguu umepona, ni kwamba haujapewa zamu ya kusema. Ukiuita kwa jina, unakuja. Mwanao alikueleza haya yote kwa maneno machache kuliko mimi, akiwa ameketi sakafuni na unga mikononi. “Umeuliza, umerudi.” Wewe ukachukua penseli.

Na zile kumi zake za kila siku, usizione ni ukaidi. Ulimshtaki mbele ya bibi yake na mgeni. Mtoto aliyeshtakiwa hutafuta ushahidi, na ushahidi wake ni maumivu yale yale. Atayatafuta, atayahesabu, atayakusanya, na ubongo wake utamsaidia kwa bidii kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa na baba yake. Atakayelazimika kuthibitisha kwamba anaumwa hatapata nafasi ya kupona.

Unasema ukitia sahihi ataona umejiunga na wale wa “hakuna kitu.” Ni nani basi anayeiweka karatasi juu ya kamusi kila asubuhi? Panya? Anakuomba, bwana. Anakuomba kwa njia pekee ambayo haitaandikwa kwenye daftari.

Nami nataka nikurudishe kwa Gilles, ambaye umemleta kwenye barua ili umdharau. Alikuwa akivipenda vile viazi, ndiyo maana alifungua mlango. Kila akifungua aliingiza baridi, kila baridi ikiingia alipata sababu ya kufungua tena. Ulimnyang'anya funguo, ukamwambia maneno ambayo nimeyasoma mara mbili, kwa sababu sijawahi kuona mtu akijiandikia dawa yake mwenyewe kwa mwandiko mzuri namna ile akaipita bila kuiona. Swali lako la asubuhi, la adhuhuri na la jioni ndilo ule mlango. Ufunge.

Kufunga mlango si kuliacha ghala. Kipimajoto kipo: anakula? Analala? Amefika hadi sanduku la barua na kurudi? Hivyo unaviona kwa macho bila kumuuliza, na nyusi zako ziache zilipo. Akija mwenyewe kukuambia inauma, usimkatishe wala usikimbilie magongo. Mwambie, “Nimekusikia, na najua ni kweli,” kisha mrudi kwenye mlichokuwa mkifanya. Akipata homa, uvimbe mpya, kidonda, au akisema maneno ya kuchoka na maisha, piga simu kwa Daktari Whitcomb saa hiyohiyo. Hakuna karatasi inayokukataza hilo, na kama huamini, muulize yeye kabla ya Ijumaa. Wiki tatu hizo zitakuwa ngumu. Atalia kwenye beseni la maharage, naye atakutazama wewe. Ukitoka nje kwenda kulia ndani ya gari, Jocelyne atakuonyesha ulipo ufunguo.

Lakini kabla ya kalamu, msamaha. Usimwandikie! Nakujua, utaanza na “Yah.” Nenda sebuleni mikono mitupu, uketi sakafuni kama alivyoketi yeye, useme: “Nilikushtaki, nilikosea.” Basi. Hapo usiongeze “lakini,” wala “kwa sababu,” wala neno lolote lenye silabi zaidi ya tano.

Kisha uandike barua yako ya nne kwa bodi ya shule, ya kufuta ile ya tatu. Mistari mitatu tu. Mpe Camille aisome na penseli nyekundu mkononi, na neno atakalolikata likatike. Daftari mpe yeye, jalada na vyote. Akitaka kulichoma, mshikie mfuniko wa jiko.

Asubuhi ukiikuta karatasi juu ya kamusi, isogeze kamusi kando bila kuifungua. Tia sahihi yako kubwa ile ya kwenye barua ya daraja, uiache mezani atakapoiona. Halafu, ikiwa ulimi unakuwasha na ni lazima umuulize binti yako namba, muulize anataka ploye ngapi.

Odile Michaud